Apgredi ya WordPress ya kitambo imekataa: maswali tunayoulizwa kila mara

Hii peji ni ya wale wanaoshikilia websaiti ya shule, sacco, kanisa, duka pale Luthuli ama NGO ndogo huko Kilimani, websaiti ilitengenezwa na fundi miaka hiyo, ikakaa, ikazeeka, halafu siku moja kampuni ya hostingi ikatuma imeili ati inazima PHP ya zamani (PHP ndiyo lugha ya programu inayoendesha WordPress kwa sava), ukabonyeza "Update Now" na mambo yakaharibika. Mengi hapa ni WordPress kwa sababu ndiyo tunakutana nayo zaidi, Joomla na Drupal ziko chini. Si lazima usome yote, tafuta swali linalofanana na shida yako, ila la kwanza lisome hata kama una haraka.

Websaiti imeanguka saa hii na wateja wanapiga simu. Nianzie wapi?

Acha kubonyeza kwanza. Tunapoletewa websaiti iliyoanguka, mara nyingi ile shida ya kwanza ilikuwa ndogo tu, plagini moja (kiongezo cha kazi fulani), lakini mtu aliogopa akabonyeza apdeti tena, ikakataa, akafuta themu (muundo wa sura ya websaiti), ikakataa, akarudisha bakapu ya mwaka jana juu ya kila kitu na sasa hakuna anayejua nini kilikuwa nini.

Ingia cPanel, ile paneli ya hosti ya kusimamia websaiti, nenda File Manager, zipu folda ya public_html vile ilivyo, hata kama imevunjika. Kisha ingia phpMyAdmin, ile ya kufungulia databezi, iko humo humo cPanel, toa kopi ya databezi. Ndiyo, kopi ya kitu kibovu, kwa sababu oda za leo asubuhi na fomu za wazazi ziko ndani ya hiyo databezi na bakapu ya jana usiku haizijui. Shusha zote mbili kwa laptop, zisibaki hapo hapo kwa sava.

Baada ya hapo ndio unaamua kama unaenda mbele ama unarudi nyuma. Maoni yetu ni kwamba kama ni siku ya kazi na bakapu ya jana iko, rudi nyuma, watu wapate huduma, halafu apgredi uifanyie kwa kopi pembeni bila presha. Kuna watu wanaona kurudi nyuma ni kushindwa, wanakaa na websaiti imezimwa hadi jioni wakitafuta dawa YouTube. Ukirudi nyuma rudisha faili na databezi za wakati mmoja, usichanganye faili za wiki iliyopita na databezi ya leo, inaweza kufunguka ukadhani uko sawa na kumbe ukiingia dashibodi inakuambia "Database Update Required".

Ukurasa ni mweupe tu, hakuna hata neno moja. Ama inasema "There has been a critical error on this website".

Hayo mawili ni ugonjwa mmoja. PHP imegonga kosa ambalo haiwezi kupita ikasimama. Kabla ya WordPress 5.2, iliyotoka Mei 2019, ulikuwa unaona weupe tu. Kuanzia 5.2 inakuonyesha sentensi kama hiyo, maneno yamebadilika kidogo toleo hadi toleo, na inatuma imeili kwa anwani ya admin yenye linki ya kuingia huku ile plagini mbovu ikiwa imezimwa. Shida ya hapa kwetu ni kwamba anwani ya admin mara nyingi ni ya yule fundi wa kwanza, kwa hivyo linki imemfikia mtu ambaye sai ako Doha anafanya kazi ingine kabisa.

Usikisie. Kosa limeandikwa mahali. Kwa hosti nyingi za cPanel kuna faili inaitwa error_log ndani ya public_html, na ingine ndani ya wp-admin, fungua uangalie mistari ya mwisho kabisa. Kama hakuna, fungua wp-config.php, pale penye WP_DEBUG weka true, ongeza WP_DEBUG_LOG iwe true na WP_DEBUG_DISPLAY iwe false, fungua websaiti mara moja, kisha angalia wp-content/debug.log. Ukimaliza izime na ufute hiyo logi, kwa sababu mtu yeyote akijua jina lake anaweza kuisoma kwa brauza.

Kwa logi tafuta neno "Fatal". Mstari wake una njia ya faili, na hiyo njia ndiyo jibu. Ikiwa imeandikwa wp-content/plugins/ halafu jina, ni hiyo plagini. Badilisha jina la folda yake, ongeza hata "-zima" mwisho, WordPress ikikosa kuiona itaizima yenyewe. Ikiwa ni themes, fanya hivyo hivyo kwa themu, mradi kuna themu ingine ya kawaida kama Twenty Twenty-One imekaa hapo ya kushikilia. Ukikosa kabisa kujua ni gani, badilisha jina la folda nzima ya plugins, ingia dashibodi, rudisha jina, kisha washa moja moja. Inachosha lakini inafanya kazi.

Ikiwa "Fatal" inasema "Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted", hiyo namba ni 128 MB na imeisha. Pandisha memory_limit kwa cPanel hadi 256M ujaribu tena. Ikiisha tena, kuna kitu kinaila bila sababu, na kuongeza zaidi ni kuficha tu.

Hosti wametuhamisha kutoka PHP 5.6 hadi 8 na kila kitu kimekufa. WordPress yetu ni 4.7. Tunavuka aje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, kwa hivyo kaa.

PHP 5.6 iliacha kupata usaidizi mwisho wa 2018, na 7.4 Novemba 2022, kwa hivyo hosti hawakuonei, wamechelewa hata. Shida ni kwamba WordPress yako ya 4.7 ni ya Desemba 2016 na PHP 8.0 ilitoka Novemba 2020, hizo mbili hazikuwahi kujuana. Kwa upande mwingine WordPress mpya haikubali PHP ya zamani. Toleo la 6.3 la Agosti 2023 liliacha PHP 5 kabisa likataka 7.0 kwenda juu, na 6.6 la Julai 2024 likataka angalau 7.2.24. Kwa hivyo ukibaki PHP 5.6 huwezi kupanda hadi mwisho, ukiruka PHP 8 ile ya zamani haiwashi hata uweze kubonyeza kitufe cha apdeti. Hapo ndipo watu wanakwama, kila mlango unasema pitia ule mwingine.

Daraja ni WordPress 6.2. Hilo ni toleo la Machi 2023, la mwisho kukubali PHP 5.6, na pia linafanya kazi kwa PHP 8. Omba hosti wakurudishie 5.6 kwa muda, ama 7.4 ikiwa 5.6 wameitoa kabisa, wengi bado wanayo kwenye MultiPHP Manager hata kama hawaitangazi. Toa bakapu. Zima plagini zote. Panda moja kwa moja kutoka 4.7 hadi 6.2, si lazima upitie kila toleo la katikati, kwa sababu ile kodi (code) ya kubadilisha databezi inabeba hatua zote za nyuma na itazipitia yenyewe. Ukifika 6.2 apdeti plagini na themu, washa, angalia. Halafu badilisha PHP iwe 7.4, angalia. Halafu 8 ya juu ambayo hosti wako nayo. Hapo ndio unapanda hadi WordPress ya sasa. Hatua moja, unaangalia, hatua ingine, kwa sababu ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo ikianguka hujui ni gani imeangusha.

Dashibodi haitakupa 6.2, itakuonyesha mpya tu na kukuambia PHP yako ni ndogo. Kwa hivyo pakua zipu ya tawi la 6.2 kutoka kwa orodha ya matoleo ya wordpress.org, futa folda za wp-admin na wp-includes, weka mpya, faili zile za nje ziandike juu, na USIGUSE wp-content wala wp-config.php. Kisha fungua /wp-admin/upgrade.php ubonyeze. Kama hosti wako na SSH, yaani njia ya kuingia sava na kuandika amri, WP-CLI, programu ya amri za WordPress, inafanya hayo kwa amri moja ukiitajia toleo unalotaka, na ni salama zaidi kuliko mkono.

PHP yako ikiwa chini ya 5.6, kwa mfano 5.3, kitu cha mwisho utakubaliwa ni WordPress 5.1, uanzie hapo.

Logi inasema "Call to undefined function". Hiyo ni nini?

Ni plagini ama themu inaita kitu ambacho PHP ilishafuta. Ukiona mysql_connect ama mysql_query, hizo zilitolewa PHP 7.0 mwaka 2015. Ukiona create_function ama each, zilitolewa 8.0. Na kuna dada yao anasema "count(): Argument #1 ($value) must be of type Countable|array, null given", hiyo zamani ilikuwa onyo tu, kwa PHP 8 inaua ukurasa.

Kama plagini iko na apdeti, apdeti. Kama mwenyewe aliiacha miaka mingi iliyopita, tafuta ingine ya kazi hiyo hiyo. Kurekebisha mstari mmoja kwa mkono inawezekana na tumefanya, lakini plagini iliyoachwa ina mistari mingine mingi inangoja zamu yake.

Imeandikwa "Briefly unavailable for scheduled maintenance" na haitoki.

Apdeti ilikatika katikati ikaacha faili inaitwa .maintenance ndani ya public_html. Washa "Show Hidden Files" kwa File Manager uifute. Kwa kweli hata usipoifuta WordPress huipuuza baada ya dakika 10, kwa hivyo kama bado unaiona baada ya saa nzima hiyo ni keshi, kopi ya zamani ya ukurasa iliyohifadhiwa. Lakini jambo la maana si ule ujumbe, ni kwamba kuna plagini ama kodi ya WordPress yenyewe imebaki nusu. Rudia ile apdeti iliyokatika hadi iishe.

"Another update is currently in progress".

Ngoja robo saa, hiyo kufuli inajifungua yenyewe. Ukiwa na haraka, ingia phpMyAdmin, jedwali la options, futa mstari unaoitwa core_updater.lock.

Inakataa na "Could not create directory", ama inaniuliza jina na pasiwadi ya FTP.

Angalia nafasi kwanza. Zaidi ya nusu ya wanaotuuliza hili nafasi imejaa tu, error_log imefika gigabaiti kadhaa, ama plagini ya bakapu imekuwa ikirundika zipu ndani ya wp-content tangu iwekwe. Angalia pia idadi ya faili, hosti nyingi wana kikomo cha inodi, yaani idadi ya faili na folda, unaweza kuwa na gigabaiti tele na bado ukakataliwa faili moja zaidi.

Kama nafasi iko, basi ni umiliki. Faili ziliwekwa na mtumiaji mwingine, labda fundi alihamisha websaiti akiwa root (mtumiaji mkuu wa sava), sasa PHP yako haina ruhusa ya kuandika. Omba hosti warudishe umiliki wa faili zote kwa akaunti yako, ni kazi ya dakika moja kwao. Folda ziwe 755, faili 644. Mtu akikwambia weka 777 kila mahali, mshukuru halafu usifanye.

Stima ilipotea wakati wa apgredi. Ama bundles ziliisha. Imeharibika?

Inategemea ulikuwa unafanya aje. Kubonyeza kitufe kwa dashibodi, kazi inafanyika kule kwa sava, laptop yako inatazama tu, mara nyingi inaisha hata kama umeondoka. Fungua tena baada ya dakika kumi uone. Lakini kama ulikuwa unapandisha faili moja moja kwa FTP kutoka kwa laptop, hapo ndio kuna balaa, kwa sababu una faili mia kadhaa mpya na mia kadhaa za zamani zimechanganyika. Usijaribu kutafuta ulikofika. Pandisha zipu moja, ifungulie kule kule kwa sava, na ukitumia SSH fungua kwanza screen ama tmux, programu za kushikilia kazi kule kwa sava, ndio amri iendelee hata laini ikikatika. Hii ya kupandisha faili moja moja kwa modemu ya simu, mtu wa Nairobi anayejua vile stima hufanya mvua ikinyesha hafai kuifanya.

Baada ya kubadilisha PHP napata 500, hata faili ya kawaida haifunguki.

Fungua .htaccess. Kuna mistari inaanza na php_value ama php_flag, mtu aliiweka kuongeza saizi ya kupandisha picha. Ilikuwa inakubalika PHP ikiendeshwa ndani ya Apache, kwa PHP-FPM ama CGI, yaani PHP ikiendeshwa pembeni ya Apache, sava inatapika. Weka alama ya # mbele ya hiyo mistari, na hizo namba uziweke kwa MultiPHP INI Editor.

Inasema "Your PHP installation appears to be missing the MySQL extension".

Kwa ukurasa wa kuchagua PHP kuna orodha ya vifaa vya kutiki, tiki mysqli, kwa hosti zingine inaitwa nd_mysqli. Ukishaenda hapo hakikisha mbstring, curl, zip na gd pia zimetikiwa, usirudi mara nne.

Kila mahali tulikuwa tumeandika ng'ombe sasa inasoma ngâ€™ombe.

Hii inapiga sana websaiti za Kiswahili kwa sababu ya ng’ yetu ikiwa imeandikwa na alama iliyopinda, na pia za Wakikuyu wenye ĩ na ũ. Maneno yenyewe hayajapotea. Yalihifadhiwa kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 ndani ya jedwali lililosema ni latin1, mfumo mwingine wa zamani, zamani sava ilikuwa inafumba macho, sasa baada ya kuhama inayasoma vile jedwali linavyosema. Angalia DB_CHARSET kwa wp-config.php, linganisha na ile ya bakapu ya zamani. Ikiwa zamani haikuwa na DB_CHARSET kabisa ama ilikuwa latin1 na mpya ni utf8mb4, rudisha ile ya zamani uone kama maneno yananyooka. Yakinyooka, tatizo limejulikana, sasa kubadilisha majedwali yawe utf8mb4 kwa njia sahihi ni kazi ya kufanyiwa kwa kopi.

Kitu hufai kufanya ni kuanza kuhariri makala moja moja kwa mkono. Ukishahifadhi makala kumi mpya na zingine elfu bado ni za zamani, sasa una aina mbili za uharibifu ndani ya jedwali moja, na hapo hata sisi tunalia.

Kurasa zinaonyesha [vc_row][vc_column] badala ya picha na maandishi.

Plagini ya kujenga kurasa imezimwa, hapo ni WPBakery. Ilikuja imefungwa ndani ya themu iliyonunuliwa, leseni ni ya mwenye themu, ndio maana haikuwahi kujiapdeti ikazeeka hadi ikafa kwa PHP 8. Njia ya halali ni kupakua themu mpya kutoka pale iliponunuliwa, ndani yake kuna plagini mpya. Hamna akaunti iliyonunua? Basi nunueni themu tena ama leseni ya plagini. Zile kopi za bure za themu za kulipia zinazozunguka mtandaoni, nyingi zina mlango wa nyuma ndani, na hatuchukui kazi ya websaiti inayoziendesha mpaka zitolewe.

Tumeapdeti themu na rangi zetu zote zimepotea, logo imerudi ya mwanzo.

Fundi alihariri themu yenyewe badala ya kutengeneza themu mtoto, folda ya pembeni ya mabadiliko yenu ambayo apdeti haigusi. Apdeti iliandika juu. Toa folda ya zamani kwa bakapu, linganisha na kopi safi ya toleo lile lile la zamani, tofauti utakazoona ndiyo kazi yake. Ziweke kwa themu mtoto. Ukilinganisha na toleo jipya utaona tofauti elfu ambazo hazikuhusu.

Duka letu la WooCommerce: M-Pesa inaingia kwa till lakini oda inabaki "Pending payment".

Kabla ya yote, toa taarifa ya malipo ulinganishe na oda, na usiambie mteja alipe tena. Pesa imefika, habari ya kwamba imefika ndiyo haijafika.

Vile inafanya ni kwamba STK push, ile ya kumtokea mteja kwa simu aweke PIN, inatoka kwenu, mteja anaweka PIN, halafu Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na websaiti, inatuma jibu kwa anwani ya callback (ya kupokea majibu) kwenye websaiti yenu. Apgredi ikivunja hiyo anwani hakuna anayekuambia, kwa sababu mteja amelipa na simu yake imepata SMS. Fungua logi ya maombi ya sava, tafuta POST inayokuja kwa hiyo anwani, angalia namba iliyojibiwa.

Ikiwa 404, nenda Settings, Permalinks, bonyeza Save bila kubadilisha chochote, mara nyingi inatosha. Ikiwa 403, plagini ya usalama ama ukuta wa hosti unazuia, ruhusu hiyo njia. Ikiwa 500, plagini ya M-Pesa yenyewe inakufa kwa PHP mpya, rudi swali la ukurasa mweupe. Na ikiwa hakuna POST yoyote, huenda anwani ya callback iliyowekwa kwa plagini ni ya zamani, labda ya http bila s ama ya domeini mliyoacha. Ukirekebisha jilipe shilingi moja kwa simu yako, uone oda ikibadilika yenyewe. Hapo ndio unafungua duka.

Fanya hivi hata kama hakuna mtu amelalamika.

Bakapu yenyewe inakataa kuingia. "Unknown collation: utf8mb4_0900_ai_ci".

Ilitolewa kwa MySQL 8 na unairudisha kwa MySQL ya zamani ama MariaDB isiyoijua. Fungua faili ya .sql kwa kihariri kizuri, badilisha hilo neno kila mahali liwe utf8mb4_unicode_520_ci, rudisha. Ikilalamika "Invalid default value" ya tarehe 0000-00-00, ni hali kali ya MySQL mpya, omba hosti wailegeze kwa muda ama tumia amri ya mysql ukiweka sql_mode mwanzo wa faili. Na phpMyAdmin ikikataa kwa ajili ya ukubwa, zipu faili, ikikataa tena pandisha kwa sava uingize kwa SSH.

Nitajuaje kama tulikuwa tumehakiwa hata kabla ya apgredi?

WordPress ya 4 kitu iliyokaa miaka bila apdeti, chukulia imeguswa hadi ionekane haijaguswa. Apgredi haiondoi mlango wa nyuma, yaani faili ya siri ya mhalifu kurudia ndani, inabadilisha kodi ya WordPress tu, na takataka hukaa wp-content. Tafuta faili zenye .php ndani ya wp-content/uploads, hapo panafaa kuwa na picha na PDF pekee. Angalia orodha ya admin kama kuna jina hamlijui. Endesha "wp core verify-checksums" uone faili zisizo za WordPress. Tafuta websaiti yenu Google uone kama kuna kurasa za kamari, za dawa, ama za maandishi ya Kijapani.

Kama kulikuwa na data za watu, namba za vitambulisho vya wanachama wa sacco kwa mfano, na zimefikiwa kwa njia inayoweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa saa 72 tangu mjue kumwarifu Kamishna wa Data. Hilo mwenyekiti analijua ama halijui, mwambieni.

Fundi alipotea na pasiwadi zote.

Kama cPanel mnayo, mko sawa. Ingia phpMyAdmin, jedwali la users, kwa user_pass andika pasiwadi mpya ukichagua MD5 kwa menyu ya upande, hifadhi, ingia, kisha ibadilishe tena ndani ya dashibodi. Badilisha pia imeili ya admin.

Kama hata cPanel hamna, pigieni kampuni ya hostingi na karatasi za usajili wa biashara. Domeini ya .co.ke angalieni imesajiliwa kwa jina la nani, ikiwa ni jina la fundi, anzeni hapo kabla ya mambo ya WordPress, kwa sababu siku haitalipiwa websaiti yote itaenda nayo, apgredi ama hakuna apgredi.

Sisi tuko Joomla 3. Inafanana?

Kidogo. Joomla 3 iliacha kusaidiwa Agosti 2023. Panda kwanza hadi 3.10 ya mwisho, hapo kuna ukaguzi unaokuambia ni viendelezi gani havitavuka, uamini. Kisha badilisha chaneli ya apdeti iwe Joomla Next, nenda 4.4, halafu 5, ambayo inataka PHP 8.1 kwenda juu. Templeti yako ya zamani haitavuka, ile ya 3 imejengwa juu ya Bootstrap 2 na mpya ni Bootstrap 5, panga bajeti ya templeti mapema. Kama mko Joomla 1.5 hakuna kitufe cha kubonyeza, ni kuhamisha maudhui.

Drupal 7?

Usaidizi uliisha tarehe 5 Januari 2025. Kwenda Drupal ya sasa si apgredi, ni websaiti mpya inayovuta data ya ile ya zamani. Mtu akikwambia atabonyeza tu, hajaifanya.

Kwa hivyo lini ni afadhali kujenga upya?

Websaiti ya kurasa nane za kanisa, themu imekufa, plagini kumi zimeachwa, picha zote ziko kwa Facebook pia, jenga upya, utamaliza haraka kuliko kuipigania. Websaiti yenye makala elfu tatu, wanachama wanaingia, oda za miaka, ipiganie, kwa sababu thamani iko kwa databezi na kujenga upya ni kuhamisha hiyo databezi hata hivyo, na vile linki za zamani zikibadilika Google inawasahau. Katikati ya hizo mbili ndio watu wanabishana nasi. Kawaida tunauliza nani ataishika baada ya sisi kuondoka, na kama jibu ni "sekretari", tunachagua ile yenye plagini chache zaidi.

Tufanye lini, usiku?

Jumanne ama Jumatano asubuhi mapema, saa kumi na mbili hivi, hosti wakiwa na watu wa kujibu tiketi siku nzima inayofuata. Si Ijumaa jioni. Si wiki ya shule kufungua wakati wazazi wanatafuta karatasi ya karo, na si msimu wa mikutano mikuu ya sacco. Na muwajulishe watu wa maudhui wasiandike kitu kuanzia jioni ya kuamkia siku hiyo, maana mkirudi nyuma watakachoandika kitapotea na lawama itakuwa yenu.

Na hizi apdeti za kujiendesha zenyewe, tuziwashe?

Zile ndogo za usalama za WordPress ziacheni zimewashwa, ziko tangu 3.7 ya 2013 na zimeokoa watu wengi. Za plagini, washeni kwa websaiti ya kawaida. Kwa duka lenye M-Pesa zimeni kwa WooCommerce na plagini ya malipo, hizo mbili zifanywe na mtu akiwa macho, na hiyo shilingi moja mkononi.